Kofi Nililokataa Kupiga

Aibu hii nimeibeba muda mrefu, na ninyi mliokuwepo Mkonze siku ile mnaijua tayari, tena mnaisimulia vibaya kila mnapokutana, mnaongeza chumvi, mnasema nilirusha kiti (sikurusha kiti, kilianguka chenyewe nilipoinuka), kwa hiyo naona afadhali niieleze mwenyewe kwa mpangilio wake, na niseme tangu mwanzo kwamba hasira yake bado ninayo. Nimemwomba Mungu aniondolee. Amenipa mengi mengine, uzima, wajukuu, macho yanayosoma bila miwani, na kwa yote nashukuru, lakini hasira hii ameniachia, labda anajua nitaihitaji siku nyingine nikianza kujifanya ninajua kila kitu.

Mjukuu wetu Rukia alikuwa anaolewa na kijana wa Chemba. Nasema mjukuu wetu, yaani wangu na wa dada yangu Hadija, kwa sababu mama yake Rukia, ambaye alikuwa binti yangu, alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na Dada Hadija ndiye aliyemchukua akamlea nyumbani kwake Zuzu mpaka akawa mtu mzima. Dada ni mkubwa wangu. Ndiye aliyenifundisha kaswida kabla mikono yangu haijaweza kulishika dufu vizuri, na katika ukoo wetu iko kaswida moja aliyoitunga mwenyewe ya kumtoa bibi harusi, ambayo hajatoka binti wa nyumba yetu bila kuimbiwa. Tunaiimba sauti mbili kwa pamoja, mimi na yeye, maneno yaleyale kwa pumzi ileile, mimi chini na yeye juu. Na sifa yake, waulizeni wazee wote wa mjini, ni kwamba hajawahi kukosa mapigo. Sisi wengine tunapanda, tunashuka, tunakohoa. Yeye akiingia, ameingia.

Sasa miguu ilikuwa imemchosha na kifua kimepungua nguvu. Akasema, "Harusini nitakuja, mtaniweka kwenye kiti nikae. Lakini kuimba uwanjani siwezi tena, hata wa mkeka wa tatu hatanisikia." Rukia akalia, akasema hatoki nje bila sauti ya bibi yake, na mimi nikiwa mwanamume wa kutatua mambo (ndivyo nilivyojiona siku zile) nikasema, msihangaike, yupo Mathayo.

Mathayo alikuwa mpangaji wangu, alipanga vyumba vya uani. Mtumishi wa serikali, mtu wa Songea, Mkristo mwenye adabu sana, anaimba kwaya kanisani kwao. Zilikuwa zile zama milango ya biashara imefunguliwa na kila kitu kinaingia nchini, kompyuta zilizotumika Ulaya zinauzwa kando ya viatu vya mitumba, naye alijipatia moja ya kukunja, ile tunayoiita laptopu, akaweka na maiki na hedifoni, akageuza chumba chake cha pili kuwa mahali pa kurekodia, blanketi ukutani, godoro mlangoni. Kwaya nzima zilikuwa zinapita pale uani kwangu. Nikamweleza shida yetu, akafurahi kweli.

"Mzee, hiyo kazi ni yetu sote," akasema. "Maiki ninayo moja, kwa hiyo tutarekodi mmoja mmoja. Tunaanza na dufu, halafu wewe, halafu kinamama wa kuitikia, halafu tunakwenda Zuzu kwa Bibi na kompyuta. Kila mmoja atawasikia waliotangulia kwenye hedifoni na kuimba juu yao. Mwishoni nawaunganisha."

Nikasema vizuri sana. Vijana wangu wa madrasa wamekwishakaa na dufu zao, wamejipanga, ndipo Mathayo akasema lile neno.

"Kabla hamjaanza, nitaomba lipigwe kofi moja."

Nikamuuliza kofi la nini. Akataka kunieleza, akasema kompyuta ina tabia yake, sauti ikiingia, mzee, haiandikwi palepale, na mimi sikumwacha amalize. Mlionijua miaka ile mnajua nilivyokuwa na msimamo katika jambo hili. Nilikuwa nimewafukuza vijana wazima madrasa kwa kuleta makofi kwenye kaswida. Sasa huyu, tena kwenye nyumba yangu, mbele ya wanafunzi wangu.

"Bwana Mathayo," nikamwambia, "makofi pigeni huko kwenye kwaya zenu, sina ugomvi nayo. Sisi tukimsalia Mtume hatupigi makofi."

Vijana wakatikisa vichwa kuonyesha kwamba mwalimu amesema. Mathayo akaniangalia, akaangalia kompyuta yake, akasema taratibu, "Sawa mzee, samahani," na hakulitaja kofi tena. Kinamama walipokuja siku iliyofuata, hakulitaja. Tulipokwenda Zuzu, hakulitaja. Na mimi nikajisifu moyoni kwamba nimefunza mtu heshima bila kumgombeza.

Zuzu kwa Dada hapakuwa na umeme, tulitegemea betri, na betri ya kompyuta iliyotumika mnajua nayo, kwa hiyo ilikuwa ni kuimba mara moja na basi. Dada akavaa hedifoni juu ya mtandio, akafumba macho, akaimba. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake. Nawaambia kweli, kwa masikio yangu yasiyokuwa na hedifoni, nikimsikia yeye peke yake chumbani, nililia. Rukia alilia. Mathayo ambaye haelewi hata neno moja la Kiarabu cha kaswida ile alisema, "Bibi, Mungu akubariki." Dada akavua hedifoni, akatuuliza sote kwa nini tumeshika tama kama tuna msiba.

Siku ya harusi umeme ulikatika tangu alfajiri. Uliporudi, Mathayo akachoma CD, akaja nayo mbio, akasema, "Mzee, naomba tukae tuisikilize kabla haijapigwa kwa watu, kuna mahali sina uhakika." Mimi nilikuwa na masufuria ya pilau, na turubai linaloinama upande mmoja, na magari ya Chemba yamekwishafika. Nikamwambia tutaisikia hukohuko pamoja na wenzetu. Nikaichukua CD, nikampa mshereheshaji.

Huyu mshereheshaji namweleza kidogo. Sikumtafuta mimi, walimtafuta vijana, na ni wale ambao kimya kwao ni kama ugonjwa. Mtu akitulia kidogo lazima aseme kitu.

Rukia akatoka. Amefunikwa, amependeza, anatembea pole pole kama alivyofundishwa. Dada Hadija amekaa kwenye kiti mbele kabisa, amevaa kanga zake mpya, uso umenyooka, anangoja kujisikia. CD ikaanza. Dufu zikaingia, zikakaa sawa. Sauti yangu ikaingia, ikakaa sawa. Halafu ikaja sauti ya Dada, nzuri, safi, lakini nyuma. Si nyuma kidogo ya mtu aliyevuta pumzi. Nyuma kabisa, mimi nimemaliza neno ndipo yeye analianza, mimi nimekwishafika kwa Mtume yeye bado yuko kwenye bismillahi, na kila mstari hivyohivyo, anafuata, anafuata, kama mtu mzima aliyeachwa sokoni anaita wenzake wamngoje.

Watu wakatazamana. Bado hawajacheka. Wangekaa kimya tungepita. Ndipo yule bwana akashika maiki.

"Wageni waheshimiwa, msiwe na wasiwasi. Bibi yupo njiani, amepanda treni kutoka Zuzu."

Turubai zima likacheka. Sauti ya Dada ikafuata tena, imechelewa tena, naye akaongeza, "Hiyo sasa, ndiyo kwanza inapiga honi," na watu wakapigana mabega. Nikamtazama Dada. Hakucheka, hakukasirika, alikuwa ameinamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza mlango unaobishwa, na midomo yake inatembea, anaimba ndani kwa ndani, anajipima.

Nikainuka (hapo ndipo kiti kilipoanguka). Nia yangu ilikuwa njema. Niliona nikichukua maiki nikaimba pamoja na sauti ya Dada, kwa mwendo wake yeye, nitamfunika, watu watadhani ndivyo ilivyopangwa. Nikampokonya yule bwana maiki, nikaanza. Sikukumbuka kwamba mimi mwenyewe nimo mle ndani ya CD, na niko mbele. Basi pakawa na mimi wa kwenye spika anayetangulia, na Dada anayefuata, na mimi wa kwenye maiki nisiyejua nimfuate nani, nikimfuata Dada nasikia sauti yangu inanikimbia, nikijifuata mwenyewe namwacha Dada, mara nikajikuta naimba mstari ambao hakuna aliyeufikia. Kinamama wakajifunika nyuso kwa kanga. Mtu mmoja nyuma akasema, "Maalimu anajigombeza," na hata dufu za kwenye CD sasa zilikuwa kama zinanicheka.

Nikapaza sauti. Mimi ninayefundisha watoto subira kila jioni, nilipaza sauti na maiki ipo mdomoni.

"Mnamcheka nani? Huyu ndiye aliyemlea huyo mtoto mnayemchukua. Watu wa Chemba, huko kwenu mnajua ng'ombe tu, kaswida mnaijulia wapi? Mmekuja kula. Kuleni basi mwondoke."

Mtu akazima CD. Hata mabakuli hayakugongana.

Mzee Jumanne, babu yake bwana harusi, mtu mkubwa kuliko mimi, akasimama kwa fimbo yake. Hakupandisha sauti. "Maalimu," akasema, "sisi hatukucheka. Tulikuwa tunashangaa. Wanaocheka ni wa kwenu."

Na ilikuwa kweli. Niligeuka nikawaona, ni majirani zangu, ni vijana wangu wa madrasa, ni ninyi. Wageni walikuwa wamekaa kwenye mikeka yao wamenyamaza kama watu msikitini. Basi nikaanza kuomba radhi, nikaomba vizuri, kwa maneno marefu na dua ndani yake, nikamtaja kila mkwe kwa heshima yake, mpaka nikaona watu wananiangalia mdomo tu, na nikatambua kwamba yule mshereheshaji alikuwa amekwishaizima maiki. Tusi limesikika mpaka barabarani, radhi haikusikika hata mkeka wa kwanza. Ikabidi nizunguke mkeka kwa mkeka, ninainama, naomba upya, mbele ya pilau inayopoa. Wakanisamehe. Mungu awalipe, walinisamehe na wakala, ingawa kila aliyechukua tonge alinitazama kwanza, na hilo nilistahili.

Lakini hiyo ndiyo aibu mnayoipenda kuisimulia. Yangu mimi ni nyingine. Nilipofika kwa Dada alikuwa tayari ameshika mkono wa Rukia kuinuka.

"Nirudisheni Zuzu," akasema.

"Dada, ni mashine."

"Mashine haina mdomo, Saidi. Ule mdomo ni wangu. Nimejisikia kwa masikio yangu. Nimechelewa."

"Nilikuwepo ukiimba, hukuchelewa."

"Ulikuwa unalia, ungejuaje?" Akajifunga kanga vizuri, akaondoka, na bibi harusi akabaki na vipodozi vimechuruzika.

Siku zilizofuata habari zikawa zinaletwa na watu wa Zuzu, na kila habari ilinichoma. Mabinti waliokuwa wakienda kwake alasiri kujifunza kaswida amewarudisha makwao, amewaambia tafuteni mwingine, mimi nimeanza kupotea. Chumvi akitia kwenye mboga anamuuliza mtoto wa jirani kama ameshatia. Na mwisho nikaletewa hii, kwamba swala anarudia. Anaswali, anatoa salamu, anakaa, halafu anainuka anaswali tena ileile, kwa kuwa hana hakika kama hakuruka rakaa. Dada yangu, aliyekuwa hajakosa mapigo tangu usichana, sasa hajiamini mbele ya Mola wake, kwa sababu ya CD.

Nilikwenda uani kwa Mathayo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kwa nini hukuniambia?"

Akanipa kigoda. "Nilikuambia mzee. Lile kofi ndilo lilikuwa lenyewe. Kompyuta hii inachelewesha, mtu anaimba sasa hivi yenyewe inaandika baadaye, tena kila siku kwa kiasi chake. Ndiyo maana kofi linapigwa mwanzo kabisa, kabla hata hamjasema bismillahi. Anayefuata akilisikia kwenye hedifoni naye anapiga lake hapohapo. Baadaye mimi nikiangalia kwenye kioo nayaona makofi, nayavuta mpaka yakae pamoja, na sauti zote zinakaa pamoja. Baada ya hapo nalifuta kofi, hakuna anayelisikia."

"Unalifuta?"

"Nalifuta mzee. Halimo kwenye wimbo."

 Kisha nikatafuta kosa lake, maana hasira haikubali kubaki bila mtu. "Basi ungenilazimisha."

"Mzee," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona naye amekasirika, "mimi Mkristo, mpangaji wako, nikulazimishe wewe Maalimu katika jambo la dini yako, mbele ya wanafunzi wako? Ungekuwa wewe ungethubutu kanisani kwetu? Wewe na kinamama niliwavuta kwa sikio, nikiwafuata dufu. Bibi nilishindwa. Sielewi maneno, na kwetu kwenye kwaya mmoja anaanzisha mwingine anaitikia, nikadhani Bibi anaitikia. Hata nikaona inapendeza. Ndiyo nikakuomba tusikilize kwanza, ukasema una pilau."

 Hakuna kinachoudhi kama kumwendea mtu na hasira yako yote halafu unamkuta hana kosa, inabidi urudi nayo nyumbani.

Tukaenda Zuzu. Dada alitukaribisha, akatupa maji, akakataa kuongelea jambo lile. Nikamweleza habari ya kompyuta kuchelewesha, akanisikiliza kama anavyosikiliza mtoto anayesingizia paka. "Mnanibembeleza," akasema. "Nashukuru. Mzee akianza kupotea watu wake humtafutia maneno."  Mathayo alifungua kompyuta, akamvalisha hedifoni, akaweka dufu zilezile, na mwanzoni kabisa alikuwa ametia kofi lake mwenyewe.

"Bibi, leo usiimbe. Ukisikia kofi, piga na wewe, basi."

Dada akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini. Akapiga. Mikono ya mzee lakini ililia vizuri, pa. Mathayo akabonyeza, tukasikiliza wote kwenye spika. Kofi la Mathayo, kisha, nyuma yake, peke yake, limeachwa, kofi la Dada.

"Rudia," akasema. Akapiga tena. Likachelewa tena. Akapiga mara nyingine huku anamwangalia Mathayo machoni, na lile la kwenye kompyuta likachelewa vilevile, kwa kiasi kilekile, kama linatii amri.

Akavua hedifoni taratibu. "Kuimba mtu anaweza kusahau," akasema. "Kofi linasahauje?"

"Halisahau, Bibi."

Uso wake ukaanza kunyooka kama ulivyokuwa kabla ya CD kuanza, nami nikaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo, ndipo akauliza, "Sasa kwa nini siku ile hukuniambia nipige?"

Mathayo akainamia kompyuta yake. Mtu mwenye adabu yule, hata hapo hakunitaja. Nikajitaja mwenyewe.

Sijapata kugombezwa vile tangu utoto. "Saidi, wewe ulijifunzia wapi mapigo? Si hapa?" na akajipiga paja, pa, pa. "Nilikupigia kofi hapa mpaka paja likawa jekundu, kwa kuwa ulikuwa huwezi kushika hata pigo la kwanza, halafu leo unakuwa mkubwa unakataza makofi kwa niaba yangu? Kwenye kaswida niliyoitunga mimi? Hukuniuliza. Ningekuambia kofi la kwenye kaswida silitaki na kofi la kazi si kaswida. Umeniswalisha adhuhuri mara mbili mbili kwa kitu ambacho hukuuliza ni cha nini."

Nikasema, "Nisamehe Dada."

"Nitakusamehe ukimaliza kazi. Mathayo, tunarudia yote. Na kofi la kwanza anapiga huyu."

Tulirudia yote, Mkonze na Zuzu. Mbele ya vijana walewale wa madrasa nilisimama mbele ya maiki, nikapiga kofi, na wakajitahidi kutocheka, wakashindwa. Mathayo aliyavuta makofi yakakaa pamoja, na alipotaka kulifuta la mwanzo, kama anavyofanya siku zote, Dada akamkataza.

"Liache. Kabla ya bismillahi, lakini liache. Alisikie kila siku."

Basi limo mpaka leo. Tangu hapo nimeapa sikatazi jambo la mtu kabla sijamwacha amalize kusema ni la nini, na kiapo hicho nimekishika kwa shida, maana mdomo wangu bado mwepesi. Dada amerudi kwa mabinti wake, na swala anaswali mara moja. Rukia anayo CD kule Chemba, na nikienda kuwatembelea Mzee Jumanne huagiza iwekwe makusudi, na mshenzi yeyote atakayeniambia kwamba mzee yule hana utani hamjui. Linasikika kofi langu, pa, zito, la mtu aliyelazimishwa, na watoto wote wa nyumba ile wanapiga la kwao wakiniangalia, na hasira yangu inapanda upya kama nipo chini ya turubai. Kisha Dada anaingia palepale anapotakiwa kuingia, nami nanyamaza.